Mnyoo, Konokono na Mwili Wetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utafiti wa Vimelea na Wenyeji Wao

Maabara yetu inachunguza kichocho, hasa kile kinachotokea mnyoo wa Schistosoma anapokutana na mwili anaoutegemea, uwe wa konokono, wa panya au wa binadamu. Maswali haya hutufikia kila wiki kutoka kwa wanafunzi, walimu, wagonjwa na hata jamaa zetu. Nimeyajibu mwenyewe. Penye uzito nimekaa zaidi, na pasipohitaji maneno mengi nimepita haraka.

Kimelea ni nini, na mwenyeji ni nani?

Kimelea ni kiumbe kinachoishi ndani ya kiumbe kingine au juu ya ngozi yake, kikila humo na kukiachia hasara. Chawa ni kimelea, kupe ni kimelea, minyoo ni vimelea, na vijidudu vya malaria pia. Anayebeba hasara hiyo huitwa mwenyeji.

Vimelea vingi huhitaji wenyeji zaidi ya mmoja. Yule ambaye kimelea hukomaa na kujamiiana ndani yake huitwa mwenyeji wa mwisho. Yule anayekilea katika hatua za awali huitwa mwenyeji wa kati. Kwenye kichocho, binadamu ni wa mwisho na konokono wa maji yasiyo na chumvi ni wa kati. Kwenye malaria mambo yamegeuka: kijidudu hujamiiana ndani ya mbu, kwa hiyo kibaiolojia mbu ndiye mwenyeji wa mwisho na sisi ni wa kati. Wanafunzi wengi huniuliza mara mbili kama nimekosea.

Kichocho kinajulikana tangu karne ya 19. Bado kuna nini cha kutafiti?

Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona minyoo hawa mwaka 1851 alipokuwa akipasua maiti jijini Cairo, na ndiyo maana wengine bado huuita ugonjwa huu bilhazia. Tunajua mnyoo anakaa wapi, anapita wapi na anataga nini. Tusichokielewa vizuri ni hiki: watu wawili wameoga maji yaleyale na wana minyoo wanaokaribiana kwa idadi, lakini mmoja anaendelea na shughuli zake na mwenzake anavimba ini na wengu.

Ukimchunguza mnyoo peke yake, hupati jibu. Ukichunguza damu ya mgonjwa peke yake, hupati pia. Kila mwanafunzi anayeingia maabara namwambia neno moja siku ya kwanza: ugonjwa huu haukai ndani ya mnyoo, unakaa baina ya mnyoo na mwili. Majibu mengi katika ukurasa huu yanazunguka hapo.

Mbona mnasema kinachoumiza ni yai, wala si mnyoo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Mnyoo mkubwa wa Schistosoma mansoni ana urefu wa sentimita moja hivi na anakaa kwenye mishipa ya damu inayouzunguka utumbo. Dume ana mfereji unaopita katika urefu wa mwili wake, na jike, mwembamba kama uzi, analala ndani ya mfereji huo. Wawili hawa wenyewe hawafanyi vurugu kubwa. Lakini jike hutaga mayai kama 300 kwa siku, na kila yai lina safari ya kufanya: litoke kwenye mshipa, lipenye ukuta wa utumbo, litoke na kinyesi, lifike majini. Yai halina mguu wala msuli wa kutembelea. Linapitaje?

Linapitishwa na kinga yetu. Yai linavujisha protini, chembe za kinga zinalikimbilia, zinalizingira na kujenga kinundu kinachoitwa granuloma. Kinundu hicho ndicho kinacholisaidia yai kuvuka hadi upande wa pili. Panya wasio na chembe za kinga aina ya T hutoa mayai machache sana kwenye kinyesi, ingawa minyoo walio ndani yao ni wazima na wanataga. Yaani mnyoo anawategemea walinzi wa nyumba wamfungulie mlango wa nyuma.

Sasa fikiria mayai yasiyotoka, ambayo ni karibu nusu. Damu inayasomba hadi kwenye ini, yanakwama humo, na mwili unaendelea kuyajengea vinundu. Miaka ikipita, vinundu vinaacha makovu. Makovu yanabana mishipa ya damu ya ini, wengu unavimba, na mishipa ya umio inaweza kutanuka hadi ipasuke. Kovu lililomfikisha mgonjwa hapo limejengwa na mwili wake mwenyewe.

Basi mtu atasema: zimeni kinga. Hapana. Panya walewale wasio na chembe za T, mayai hayo yanaua seli za ini lao moja kwa moja kwa sumu yake, na wanakufa mapema zaidi. Kinundu kinamlinda mwenyeji, kinamwumiza, na kinamtumikia mnyoo, yote kwa wakati mmoja. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado jambo hili linanisimamisha.

Mnyoo anakaaje kwenye damu kwa miaka bila kushambuliwa?

Kwa kawaida huishi miaka 3 hadi 10, na wapo watu waliohama kabisa kutoka maeneo yenye kichocho wakakutwa na minyoo hai baada ya miaka 30. Anafanya hivyo katikati ya damu, mahali ambapo kingamwili zinapita usiku na mchana.

Siri yake moja ilionekana katika jaribio la mwaka 1969. Watafiti walichukua minyoo waliokulia ndani ya panya wakawapandikiza kwa nyani wa kawaida: minyoo wakasita kidogo, kisha wakaendelea na maisha. Wakawapandikiza wengine kwa nyani waliokwisha kupewa kinga dhidi ya damu ya panya: minyoo wakauawa. Maana yake, mnyoo alikuwa amejipaka vitu vya mwili wa panya hadi mwili mwingine ukamdhania ni panya. Anavaa mavazi ya nyumba aliyomo. Tena ngozi yake ina utando wa nje wa tabaka mbili anaoujenga upya kila mara, kwa hiyo kingamwili ikishika, imeshika kitu kinachobanduka.

Vimelea vingine hutumia njia nyingine. Kijidudu cha malale, anachosambaza mbung'o, amefunikwa na nakala kama milioni 10 za protini moja, na kingamwili zikishaizoea baadhi ya vijidudu vinakuwa vimekwisha kuvaa nyingine. Akiba ya majoho hayo ni mamia ya jeni, na hutumia moja tu kwa wakati. Plasmodium falciparum, kijidudu cha malaria, ana jeni kama 60 za kazi ya namna hiyo. Huzitumia kuifanya chembe nyekundu ya damu ing'ang'anie ukuta wa mshipa, isipelekwe kwenye wengu na kuharibiwa. Kung'ang'ania huko kukitokea kwenye mishipa ya ubongo, ndipo malaria inapogeuka kuwa ya kuua.

Kwa nini maabara yenu imejaa konokono?

Kwa sababu nusu ya habari iko kwao. Njoo uone. Tunamtoa gizani konokono aliyeambukizwa, tunamweka kwenye kikombe cha kioo chenye maji kidogo, tunawasha taa juu yake. Baada ya saa moja au mbili maji yanaonekana kama yameingia vumbi. Ukikiinua kikombe kwenye mwanga, vumbi linacheza: linapanda juu kwa kasi, linatua polepole, linapanda tena. Hao ni serkaria, wachanga wa mnyoo wanaotoka kwa konokono kutafuta ngozi ya mtu. Kila mmoja hafiki milimita moja, ana mkia wenye panda mwishoni, na huogelea mkia ukitangulia. Hali chochote. Ametoka na akiba yake ya nguvu, na asipopata ngozi ndani ya siku moja hivi amekwisha. Akiipata, anapenya kwa dakika chache na mkia anauacha nje. Ndiyo maana hakuna anayeingia chumba hicho bila glavu.

Konokono naye ana yake. Akishaambukizwa, wiki chache baadaye huacha kutaga, kwa kuwa mnyoo amechukua nguvu yote iliyokuwa ya uzazi. Lakini mwanzoni kabisa, kabla ya hapo, konokono aliyeambukizwa hutaga mayai mengi kuliko asiyeambukizwa. Ni kama anajua mlango unafungwa, akakimbiza watoto wake nje. Sisemi anajua. Nasema mwili wake umerithi namna ya kujibu.

Konokono ni wagumu kuwatunza kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wangu wa kwanza niliua karibu wote wa tangi moja kwa kubadilisha maji na kutia ya bomba palepale, bila kuyaacha yakae klorini itoke. Miezi minne ya kazi iliondoka kwa alasiri moja, na tangu siku hiyo ndoo za maji hukaa pembeni, zimeandikwa tarehe.

Nimesikia kuna watu waliambukizwa kichocho kwa makusudi. Ni kweli?

Ni kweli, na ilifanyika kwa uangalifu mkubwa. Huko Leiden, Uholanzi, watu 17 waliojitolea waliambukizwa serkaria wa Schistosoma mansoni, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Serkaria wote walikuwa madume. Jinsia ya mnyoo huwa imekwisha kuamuliwa kabla hajaingia kwa konokono, kwa hiyo ukimwambukiza konokono kwa kiluwiluwi kimoja tu kilichoanguliwa kutoka kwenye yai, maelfu ya serkaria watakaotoka watakuwa wa jinsia moja. Bila majike hakuna mayai, na bila mayai ile hadithi ya makovu ya ini haianzi. Baadhi ya waliojitolea walipata homa na uchovu kwa muda, nao wote walipewa dawa mwishoni. Maabara yetu haifanyi majaribio ya aina hiyo.

Jike naye bila dume hakomai. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba dume humpa jike molekuli ndogo sana, na molekuli hiyo peke yake yatosha kumfanya aanze kutaga. Kwetu sisi habari hiyo ilikuwa ya kusherehekea: ukiweza kuizuia, umezuia yai.

Je, vimelea hutawala akili ya mwenyeji?

Kwa baadhi ya wanyama, tabia hubadilika kweli. Panya mwenye kijidudu cha Toxoplasma gondii hupoteza woga wake wa asili wa harufu ya paka, na paka ndiye mwenyeji wa mwisho wa Toxoplasma. Mwingine ni sisimizi mwenye kiluwiluwi cha Dicrocoelium dendriticum, mnyoo wa ini la kondoo: jioni hewa ikipoa hupanda kwenye jani, huliuma na kung'ang'ania hadi asubuhi, kondoo apite amle na majani. Jua likipanda na hajaliwa, huachia na kurudi kazini na wenzake.

Ila tuwe waangalifu na neno "akili". Kuvu wa Ophiocordyceps, anayemfanya sisimizi apande mmea na kuuma jani hadi afe, alichunguzwa kwa hadubini za hali ya juu mwaka 2017. Seli za kuvu zilikutwa zimeifunga misuli kama wavu, lakini ndani ya ubongo hazikuonekana. Na kuhusu binadamu wenye Toxoplasma, ambao ni wengi duniani, ziko tafiti zinazokutanisha maambukizi hayo na tabia fulani. Kukutana kwa mambo mawili hakuonyeshi kwamba moja limesababisha jingine. Ukisoma kichwa cha habari kinachosema paka wako amekubadilisha tabia, kiache kipite.

Ni kweli kwamba kimelea hupunguza ukali kadiri miaka inavyopita, kwa kuwa hakitaki kumuua mwenyeji?

Hapana, si sheria. Mfano unaojulikana sana ni wa virusi vya myxoma vilivyoachiliwa Australia mwaka 1950 ili kuwapunguza sungura. Mwanzoni viliua zaidi ya asilimia 99 ya sungura walioambukizwa. Baada ya miaka michache, aina zilizoenea zaidi zilikuwa na ukali wa wastani. Wengi husimulia hadi hapo na kusema mambo yalitulia. Lakini virusi havikuwa vipole. Vilibaki kwenye kiwango kinachovisaidia kuenea. Sungura akifa haraka mno, mbu hapati muda wa kuvisambaza. Akipona haraka mno, vilevile. Baadaye sungura wakawa sugu, na virusi navyo vikaongeza makali. Kimelea hakina huruma wala nia mbaya. Kinachozidi ni kile kinachosambaa.

Na mwenyeji je, hubadilika?

Hubadilika, na huilipia. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kwamba watoto waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hupata ulinzi dhidi ya malaria. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua selimundu yenyewe. Protini iitwayo APOL1, iliyomo kwenye damu yetu, huua vijidudu vingi vya jamii ya malale. Ziko aina zake mbili zilizoenea kwa watu wenye asili ya Afrika ambazo huweza kuua hata aina ya kijidudu iliyokuwa imeikwepa protini hiyo, lakini mtu mwenye nakala mbili za aina hizo ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Hilo lilijulikana mwaka 2010. Ninapozungumza na wagonjwa wa figo huwa nalisema taratibu sana, kwa sababu ni jambo zito kuambiwa kwamba kilichowaokoa mababu ndicho kinachokuumiza wewe.

Minyoo wanaweza kutibu mzio?

Swali zuri lenye jibu la hatari. Minyoo wengi hutuliza kinga ya mwenyeji ili waishi. Mnyoo wa panya aitwaye Heligmosomoides polygyrus hutoa protini inayoiga kazi ya TGF-beta, mojawapo ya ishara ambazo mwili wenyewe hutumia kuituliza kinga. Ugunduzi huo wa 2017 umewapa watafiti wazo la dawa inayotokana na protini, bila mnyoo. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Kununua mayai ya minyoo mtandaoni na kuyameza ni kujiumiza. Safura, kwa mfano, hunyonya damu kila siku kwa miaka. Tafadhali usifanye.

Dawa ya kichocho ipo. Inafanyaje kazi, na kwa nini haijamaliza ugonjwa?

Prazikwanteli hufungua mlango fulani wa kalsiamu kwenye seli za mnyoo. Mlango huo ulitambuliwa mwaka 2019, baada ya dawa kutumika kwa takriban miaka 40. Misuli ya mnyoo hukakamaa, ngozi yake huharibika, na yale mavazi ya kuazima yanapasuka. Hapo kinga inamwona na kummalizia. Panya wasio na kinga kamili wakipewa dawa hiyo, haifanyi kazi vizuri. Kwa hiyo hata dawa inahitaji mkono wa mwenyeji.

Haiui minyoo wachanga, na haizuii kuambukizwa tena kesho ukirudi kwenye maji yaleyale. Mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 duniani walihitaji tiba ya kinga dhidi ya kichocho. Bila vyoo na maji salama, dawa inakimbizana na maji.

Chanjo je?

Dhidi ya kichocho, bado. Ziko zinazojaribiwa kwa watu. Mnyoo ni kiumbe mkubwa mwenye maelfu ya protini, na aliyejifunza kujificha. Malaria, ambayo nayo ilishindikana kwa miongo mingi, ilipata chanjo ya kwanza kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, RTS,S, kisha R21 mwaka 2023. Kwa hiyo sijakata tamaa hata kidogo.

Nimeoga kwenye maji yenye konokono na ngozi inawasha. Nifanye nini?

Nenda kituo cha afya, ueleze uliingia maji yapi na lini. Ukipimwa siku inayofuata mayai hayataonekana, kwa kuwa minyoo huhitaji wiki kadhaa kukomaa. Kwa sababu hiyohiyo dawa inayotolewa mapema mno inaweza kuwaacha wachanga, na mtaalamu atakuambia urudi lini. Ukipata homa, kikohozi au vipele wiki chache baada ya kuoga, rudi mapema. Damu kwenye mkojo isidharauliwe kamwe, hata kama haiumi. Sisi ni maabara ya utafiti na hatutoi matibabu.

Je, mngependa vimelea vyote viangamizwe?

Vile vinavyotesa watu, ndiyo, bila kusita. Mnyoo wa Guinea aliathiri watu wapatao milioni 3.5 mwaka 1986, na mwaka 2023 waliripotiwa wagonjwa 14 tu. Akimalizika nitafurahi kwa moyo wote.

Vyote kwa jumla, hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu milango ya mito ya California na Baja California ulikuta kwamba uzito wa vimelea kwa pamoja ulizidi ule wa ndege wawindaji waliokuwa juu ya mnyororo wa chakula. Na kwenye kijito kimoja huko Japani, minyoo wanaoishi ndani ya nyenje huwafanya nyenje hao wajirushe majini, na samaki wa hapo hupata kwao karibu asilimia 60 ya nguvu yao ya mwaka mzima. Ukiwaondoa minyoo, samaki wanakosa chakula.

Ninataka kuwa mtafiti wa vimelea. Nianzie wapi?

Baiolojia, kemia na takwimu, ndiyo. Lakini anza kwa kuchora. Mpe mtu slaidi ya mayai ya kichocho atazame kwa dakika moja, naye atakuambia ameona viduara. Mpe penseli, na baada ya nusu saa atagundua kwamba yai la mansoni lina mwiba ubavuni na la haematobium, mnyoo wa kichocho cha mkojo, lina mwiba mwishoni, na kwamba ndani ya ganda kuna kitu kinachotikisika, kiko hai.

Naweza kuja kuwatembelea?

Karibu. Tuandikie kwanza ili tukuandalie glavu na koti, na uje asubuhi, kabla hatujawasha taa za konokono.